Mstari Ndani ya Ndoo

Siku hizi ndoo ni za plastiki, na hazina sauti. Zile za bati zilikuwa nayo. Ulipoitua chini na kuuachia mkono wake wa chuma, mkono uliangukia ukingoni na kulia mara moja, mlio mwembamba uliotetemeka kidogo kabla ya kunyamaza. Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, mtu akaitua ndoo ya namna hiyo, nami nikausikia mlio ule. Kabla sijageuka kutazama, mdomo wangu ulikuwa umejaa mate na ladha ya msumari ilikuwa imekaa juu ya ulimi, vilevile kama miaka thelathini na kitu iliyopita. Nilisimama palepale hadi ilipopita.

Nataka kuwaeleza ladha hiyo ilitoka wapi. Nitajitahidi kufuata mambo yalivyofuatana, moja baada ya jingine, kwa sababu kwa miaka mingi niliyakumbuka kwa mpangilio usio sahihi, na kosa hilo dogo lilinificha jambo kubwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi kwenye laini ya wafanyakazi katika shamba la mzungu upande wa Rongai, mahali ambapo asubuhi ukitazama mashariki unauona mgongo wa Menengai, na ukitulia unasikia treni ikipanda kuelekea Eldoret. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na nyasi, safu mbili zikitazamana, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi tulichoruhusiwa kulima mahindi na maharagwe yetu. Watu wa laini walitoka kila upande. Sisi tulitoka Maragoli, majirani wa mkono wa kushoto walikuwa Wakipsigis, wa kulia Waluo, na kilichotuunganisha ni Kiswahili, kila mmoja akikisema kwa namna ya kwao.

Mama yangu mzazi alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Baba, aliyekuwa dereva wa trekta, alioa tena, akamleta Dina kutoka nyumbani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye tabia ya kukaa kimya kidogo kabla ya kujibu swali, na wanawake wa laini waliuchukulia ukimya ule kuwa maringo. Baba aliniambia nimwite Mama. Mimi nilibuni njia ya kutomwita chochote. Nilipomhitaji nilitembea hadi alipokuwa, nikasimama mbele yake mpaka aniulize ninataka nini. Tuliishi hivyo kwa miezi sita.

Zawadi aliyopewa na Baba walipooana ilikuwa ndoo mpya ya bati kutoka duka moja la Nakuru. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Mwili wake wote ulikuwa na madoa makubwa ya kung'aa, yaliyokaa kama magamba ya samaki, na ukiizungusha juani kila doa liliwaka kwa zamu yake. Kuisafisha ilikuwa kazi yangu. Niliisugua kwa majivu na mchanga mwembamba wa mtoni, nje na ndani, kwa bidii ambayo sikuipa sufuria yoyote.

Sasa niwaambie kuhusu uji. Wanawake wa laini walisaidiana kupalilia kwa zamu. Kila Jumamosi, kazi ya mzungu ilipoisha adhuhuri, walikwenda pamoja kwenye shamba la mmoja wao, na mwenye shamba aliwapa uji mchachu. Haukuwa uji wa kunywa asubuhi na sukari. Ulipikwa, ukapozwa, ukatiwa chachu, ukaachwa kwenye nyungu au kibuyu siku mbili tatu hadi ukawa mkali wa kukamata taya. Mwanamke alipimwa kwa uji wake. Na kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeivunja: mwenyeji alikunywa kata ya kwanza mbele ya wageni, ndipo nao wanywe. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Kila mtu alijua.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa zamu ya kwanza ya Dina. Alipika uji mwingi mno, kwa hofu ya kupungukiwa, na kufikia Ijumaa jioni ulikuwa umeumuka hadi ukingo wa nyungu. Akaazima kibuyu kikubwa cha maziwa kwa jirani yetu, Mama Cheptoo. "Gawa nusu, utie kwa kibuyu," akaniambia, kisha akaenda kutafuta kuni.

Nilikinusa kibuyu. Kilinuka moshi. Wenzetu Wakipsigis husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na ndani hubaki unga mweusi wa makaa, nao ndio huyapa maziwa yao ladha yake. Sikulijua hilo. Nililolijua ni somo la afya. Wiki ileile mwalimu wetu wa shule ya shamba alikuwa amechora ubaoni kibuyu kilichokatwa katikati, ndani yake wadudu wenye miguu mingi. Kando akachora ndoo yenye miale kama ya jua, na chini ya ndoo akaandika kwa herufi kubwa: SAFI. Nilikuwa mwanafunzi mwaminifu. Nilitazama kibuyu, nikatazama ndoo, nikamimina uji kwenye ndoo, nikaufunika kwa ungo, na kibuyu nikakitundika kwenye kigingi ukutani mwetu.

Dina aliporudi aliinua ungo. Nikamwahi. "Mwalimu amesema vibuyu viko na wadudu. Ndoo ndiyo safi." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia. Alikaa kimya kidogo, kama kawaida yake. Yeye hakuwa amekanyaga shule hata siku moja.

"Basi," akasema, "kama mwalimu amesema."

Na uji ukalala kwenye ndoo.

Kesho yake walikuja wanawake kumi na watatu. Saba walianzia juu ya shamba, karibu na nyumba, na sita walianzia chini, kwenye ua wa miti, ili wakutane katikati. Kelele zao zilisikika laini nzima. Mkubwa wa kelele alikuwa Zipora, mke wa nyapara, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele.

"Bibi mpya," alimwita Dina kutoka chini, "hiyo jembe yako inaogopa udongo? Gusa, haiumi."

"Mwache," mwingine akajibu, "ameolewa na trekta. Jembe ni ya nini?"

Dina alicheka pamoja nao, na niliona bega lake limelegea kidogo. Nafikiri alikuwa ameanza kuamini kwamba siku ingepita vizuri.

Mnamo saa tisa alibeba nyungu hadi kwa wanawake wa juu. Akajichotea kata ya kwanza, akanywa, akawakaribisha. Chini palikuwa mbali, naye alikuwa bado akiwagawia, akanionyesha kwa kichwa: wapelekee wale. Nikaibeba ndoo. Njiani nililamba kata, na hapo ndipo nilipoipata ladha ile kwa mara ya kwanza, kama ulimi umegusa msumari. Sikushtuka. Nilifikiri ndiyo ladha ya usafi.

"Hii uji inauma ulimi," alisema Zipora baada ya kumeza.

"Ndiyo uji hiyo," mwenzake akamjibu. "Wewe umezoea chai ya nyapara."

Wakacheka, wakanywa, wengine wakarudia.

Walikuwa hawajamaliza mistari miwili ya mahindi Zipora alipoacha jembe na kupiga magoti. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili, akatapika kwa sauti iliyonifanya nifunge macho. Nilipoyafungua, wa pili alikuwa amepiga magoti, kisha wa tatu. Kwa muda ambao mtu angetembea kutoka kwetu hadi kisimani, wote sita walikuwa chini. Jasho la baridi liliwatoka usoni. Mmoja alikuwa akilia kimyakimya, shavu lake likiwa juu ya udongo, akisema tumbo linakatwa. Wanawake wa juu walikuja mbio, na watoto, na wanaume waliokuwa wamelala vibarazani.

"Tumewekewa kitu," alisema Zipora alipopata pumzi.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Askari walifika mashambani upesi, na majirani walikuwa wamejifunza kuogopana bila kusema. Neno kama lile likitoka, lilibaki hewani.

"Huko juu alionja," Zipora akaendelea. "Huku kwetu alituma mtoto. Hakuonja mbele yetu. Muulizeni kwa nini."

Wote walimgeukia Dina. Alikuwa amesimama katikati ya mahindi na kata mkononi. Nyapara alikuwa amefika, akamtazama mke wake pale chini, akasema kwa sauti ya mtu anayegawa kazi ya asubuhi, "Jumatatu bwana ataambiwa. Huyu atapanda treni arudi kwao. Na kama mtu atakufa, hatapanda treni. Ataenda na askari."

Nilielewa sehemu moja tu: Dina angeondoka. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo kwa miezi sita. Nilishangaa kuona kwamba sikulifurahia.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mmoja alileta maji ya sabuni ili watapike zaidi. Mwingine alileta maziwa yaliyotiwa mafuta ya taa. Nyapara alimtuma mtu stoo ya ng'ombe kuchukua chumvi ya haluli, dawa ya kuharisha. Na katikati ya ghasia hiyo ndipo alipoingia Mama Cheptoo, akitoka kazini, aproni yake ya gunia bado imelowa.

Kazi yake ilikuwa kuosha mikebe ya maziwa kwenye chumba cha krimu cha mzungu, ambako kazi haikuisha adhuhuri. Kwa sababu hiyo walimwita Mama Krimu, kwa utani usiokuwa na heshima nyingi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto, na kabla ya siku ile sikuwahi kumtazama mara mbili. Alisimama. Aliwatazama wale sita, mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akampokonya yule mama maji ya sabuni na kuyamwaga.

"Tumbo limejifagia lenyewe," alisema. "Usilifagie mara ya pili. Na hayo mafuta ya taa rudisha kwa taa."

"Wewe unaosha mikebe," Zipora alimwambia kutoka chini. "Leo umekuwa daktari?"

"Mikebe haiongei, na bado najua kile ilikula jana. Wewe unaongea. Itakuwa shida gani?"

Watu wawili watatu walicheka bila kutaka. Nimewahi kufikiri kwamba kicheko hicho kidogo ndicho kilichookoa alasiri ile, kwa sababu baada yake watu walianza kumsikiliza.

Aliwalaza wagonjwa kivulini kando ya ua, kila mmoja kwa ubavu, ili akitapika asipaliwe. Aliagiza maji yachemshwe, yapozwe kwa kumiminwa kutoka sufuria hii kwenda ile, yatiwe sukari na chumvi kidogo sana. "Kijiko kimoja, ngoja. Kijiko kimoja, ngoja. Akitapika, pumzika, uanze tena." Uji uliobaki alikataza usimwagwe. Aliufunika, akauweka mbali na watoto. "Dresa akija ataiuliza hii kwanza." Mtu mwenye baiskeli akatumwa kumwita mhudumu huyo kutoka zahanati, mwendo wa saa nyingi kwenda na kurudi.

Kisha akafanya jambo ambalo bado naliona nikifumba macho. Alichukua muhindi mkavu, akapukuchua punje, akazikabidhi kwa watoto sita, na kila mtoto akamketisha mbele ya mgonjwa mmoja. "Huyu akitapika, weka punje moja chini. Usiweke bila sababu. Usisahau." Mimi nilipewa Zipora. Mama Cheptoo alipita mara kwa mara akitazama punje tu, kama mtu anayesoma. Alishika vipaji vya nyuso: hakuna aliyekuwa na homa. Aliuliza kila mmoja kama amekojoa, mbele ya wanaume, bila aibu, na wanaume wakasogea mbali. "Yule punje zake haziachi kuongezeka, au anaanza kusinzia na haitiki," alisema, "huyo hatangoja dresa. Huyo atabebwa na trekta."

Hapo ndipo alipoanza kuuliza. Aliuliza wagonjwa, akauliza wazima, maswali yaleyale, kwa sauti ileile. Ulikunywa ukiwa juu au chini? Ulikunywa kata ngapi? Mdomo wako una ladha gani sasa hivi?

"Kama nimelamba jembe," alisema mmoja.

"Kama chuma," alisema mwingine.

Zipora akakubali kwamba hata yeye ana ladha hiyo.

Wote waliougua walikunywa chini. Waliokunywa juu walikuwa wamesimama hapo, hawana hata kichefuchefu. Waliokunywa kata mbili walikuwa na punje nyingi kuliko waliokunywa moja. Nilikuwa mtoto, lakini nililiona hilo likitokea mbele ya macho yangu: kelele ilikuwa ikigeuka kuwa mpangilio. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nilidhani mambo ya kutisha hubaki ya kutisha hadi yaishe yenyewe. Nywele za shingo zilinisimama, na haikuwa kwa woga.

"Chakula kilichooza kwa kawaida kinangoja kidogo," Mama Cheptoo alisema, kama anayejisemea. "Unakula mchana, unaugua usiku. Hii haikungoja. Na juu walikunywa ya nyungu. Chini mlikunywa ya kibuyu changu."

Alikuwa amejishtaki mwenyewe mbele ya watu wote, na alilijua hilo.

"Kibuyu chenu cha moshi," alisema Zipora.

Mama Cheptoo aliingia nyumbani kwetu, akatoka na kibuyu, akakinusa. Aliingiza ubua mrefu hadi chini, akautoa. Ulikuwa mkavu, ncha yake imeshika unga mweusi. Akauinua watu wote wauone.

"Hakijaguswa," alisema. "Ndoo ilibeba uji mchana huu, hiyo tumeiona wote. Nauliza usiku. Uji ulilala wapi?"

Nilikuwa nimekaa chini mbele ya Zipora na punje mkononi. Niliinua macho na kumwona Dina ananitazama, si kwa hasira, wala kwa kunionya. Alinitazama tu, akakaa kimya kidogo, kama alivyofanya sikuzote.

"Ulilala kwa ndoo," alisema. "Ni mimi niliutia."

"Mmesikia," alisema Zipora. "Amekubali."

Nyapara alisogea hatua moja.

"Amekubali kuhamisha uji," alisema Mama Cheptoo. "Leteni ndoo."

Alimimina uji uliobaki kwenye nyungu tupu, akaisuuza ndoo kwa maji kidogo, akaiinamisha juani ili mwanga uingie hadi chini. Watu walisogea. Nami nikaacha kazi yangu ya punje nikajipenyeza kati ya miguu yao.

Kutoka ukingoni kushuka kama vidole vinne, magamba yale ya bati yalikuwa yanang'aa kama nilivyoyasugua. Kisha kulikuwa na mstari, umenyooka kabisa, ukazunguka ndani ya ndoo yote kama uliochorwa kwa rula. Chini ya mstari hapakuwa na gamba hata moja. Bati lilikuwa kijivu, limefifia, kavu kama majivu ya jana. Uji ulikuwa umeandika pale ulipofika.

"Uji umekula ndoo," alisema Mama Cheptoo, "na nyinyi mmekula uji. Huko kwa krimu hatuweki kitu kichachu kwa bati ya namna hii. Mwaka jana kijana mpya aliacha krimu iliyochacha kwa ndoo kama hii, ikapewa nguruwe. Walitapika mpaka wakakaa chini kama wazee wa baraza. Hakuna mtu alisema nguruwe wamerogwa. Tuliuliza walikula kwa chombo gani."

Aliipitisha ndoo. Kila mtu aliweka kidole kwenye ule mstari, akakishusha. Nyapara naye aliweka. Alipokitoa alikitazama kidole chake kwa muda, akasema anakwenda kuona kama ng'ombe wameingia, ingawa kila mtu alijua wako zizini. Zipora aligeuza uso upande wa ua. Baada ya hapo hakusema neno jioni hiyo yote, isipokuwa kuomba kijiko kingine cha maji, na aliyempa alikuwa Dina.

Jua lilipoanza kushuka punje ziliacha kuongezeka. Baba, ambaye alikuwa ametumwa na bwana mchana huo, alirudi na trekta, akakuta watu wameketi kivulini kama waliotoka kwenye mkutano, akaelezwa na watu kumi kwa wakati mmoja. Hakuna aliyehitaji kubebwa. Dresa alifika Jumapili asubuhi, akayapima mapigo ya moyo ya kila mmoja, akanusa uji, akatazama ndoo, akasikiliza habari ya punje tangu mwanzo hadi mwisho. Akasema kama angekuwapo mtoto mchanga aliyekunywa, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kisha akamuuliza Mama Cheptoo alijifunzia wapi. "Kwa mikebe," akajibu. Shuleni, Jumatatu, mwalimu alifuta kibuyu ubaoni. Ndoo aliiacha hadi Jumatano.

Nami Jumapili hiyo niliamka nikamkuta Dina mlangoni ameishika ndoo.

"Kachote maji," alisema. "Maji hayali bati."

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Hakuonyesha kwamba amesikia chochote kipya. Alinikabidhi ndoo, mkono wake ukaanguka, ukalia.

Nilisoma hadi darasa la nne tu. Mengine nimejifundisha, kwa vitabu nilivyovipata popote, vingi havina majalada. Katika kimoja nilisoma kwamba bati la ndoo hupakwa madini yaitwayo zinki, kwamba uchachu ni asidi, na kwamba asidi huiyeyusha zinki bila kubagua nani ameisugua vizuri. Nilifurahi mno. Nikachukua daftari nikaandika mambo ya siku ile yote, kwa zamu, kama Mama Cheptoo alivyouliza: kwanza nini, kisha nini. Na nilipokuwa nikiandika nikakwama.

Kwa miaka yote nilikumbuka kwamba Dina alisema "ni mimi" baada ya mstari kuonekana, wakati kosa lilikuwa limeshakuwa kosa la jikoni, jambo la kuchekwa na kusahauliwa. Lakini haikuwezekana. Zipora alisema "amekubali", na Zipora, baada ya kuuona ule mstari, hakusema neno tena. Kwa hiyo Dina alisema kabla. Alisema wakati wanawake sita wako chini, nyapara amesimama, na hakuna mtu yeyote pale, labda hata Mama Cheptoo mwenyewe, aliyekuwa na hakika ni nini kilichomo ndani ya uji ule. Niliweka kalamu chini.

Mama sasa anaishi Bahati, kwenye ekari mbili alizonunua Baba baada ya Uhuru. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta akiwapa kuku mahindi kutoka kwenye ndoo ileile, imebonyea pande mbili, mstari wake bado unaonekana ukijua pa kutazama. Nikamuuliza moja kwa moja, kwa sababu sijui njia nyingine ya kuuliza.

"Siku ile ya uji. Ulijua kwamba ni ndoo?"

Alikaa kimya kidogo. Kuku walikuwa wamejaa miguuni pake.

"Ningejuaje mambo ya ndoo," alisema. "Nilijua tu ni nani aliumimina."

Akaitua ndoo chini, akaingia ndani kuniwekea chai.